Kucha Zing'ae, Vidole Visiumie

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Diani na Msambweni, kama yalivyotolewa na mfanyakazi wa jamii wa parokia. Tumeongeza mwishoni baadhi ya maswali yaliyoulizwa.)

Wale mlio kule nje chini ya mwembe sogeeni, maana leo kuna mambo ya kuonyesha kwa vidole.

Vikundi vitatu vilileta ombi moja. Mlisema: tumefundishwa kuchimba vyoo, tumefundishwa kuweka hesabu za mikopo, tumefundishwa kufuga mbuzi wa maziwa, sasa tunataka kufundishwa kung'arisha kucha nyumbani. Ombi liliposomwa kuna mabwana waliocheka. Mimi naliona ni ombi la maana, na nitawaambia kwa nini.

Mikono ndiyo jembe letu. Mama wa hapa Kwale hushona makuti, hukuna nazi, humenya muhogo, hupaa samaki, hubangua korosho, hufua nguo za watu. Kazi zote hizo hupitia kwenye ncha za vidole. Kidole kimoja kikivimba na kutunga usaha pembeni mwa ukucha, ule ugonjwa tunaouita mdudu wa kidole, basi wiki hiyo hakuna makuti, hakuna kufua, na mchango wa chama haufiki. Kwa hiyo mtu anayekuja kwako na kipande chake cha msasa akakusugua kucha, ameshika mtaji wako mkononi. Una haki ya kujua anafanya nini.

Tena wasichana wetu wameshaingia kwenye kazi hii. Ukienda Ukunda utawaona, na wengine wanafanyia nyumbani: stuli moja, beseni moja, mkebe wa vifaa, na wateja wamekaa kwenye jamvi wanangoja zamu. Mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, arusi zikifuatana, msichana mmoja aweza kushika mikono ya watu wengi kwa siku moja. Ni kazi halali na silaumu mtu. Lakini mkebe ni mmoja, na watu ni wengi. Hapo ndipo nataka tufike, ila tutaanza polepole.

Kung'arisha ninakosema leo si kupaka rangi. Ni kusugua ukucha wenyewe mpaka uwe laini na kumeremeta bila kupaka kitu juu. Na kwa kweli kwetu sisi wa pwani njia hii inatufaa kuliko rangi. Wenzetu Waislamu wamenieleza kwamba rangi ya kucha huzuia maji yasifike kwenye ukucha wakati wa kutawadha, kwa hiyo udhu hautimii. Hina haizuii, na ukucha uliosuguliwa tu hauzuii. Walio kwenye jikoni za hoteli nao hawaruhusiwi rangi, kwa sababu hubanduka ikaanguka kwenye chakula. Manesi hali kadhalika. Ukucha mtupu unaong'aa unakubalika msikitini, kanisani, jikoni na hospitalini.

Sasa hebu kila mtu atazame ukucha wa kidole gumba chake. Utazameni vizuri. Ule ubao mgumu mnaouona hauna uhai, ndiyo maana ukiukata hauumi wala hautoki damu. Umetengenezwa kwa kitu kile kile kilichotengeneza nywele, na pembe ya ng'ombe vilevile. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Nusu milimita! Chukua rula ya mtoto wa shule, tazama kijisehemu kidogo kabisa, halafu kigawe mara mbili. Hicho ndicho kinachokinga nyama laini ya kidole chako na mwiba wa samaki na maji ya sabuni.

Ukucha unaotea chini, penye shina, pale unapoingia kwenye ngozi. Hapo kuna ukingo mwembamba wa ngozi ulioshikana na ukucha. Watu wengi hawaupendi, wanauona ni uchafu, wanausukuma na kuukata kwa wembe. Jamani, ule ukingo ni kama lakiri ya chupa. Kazi yake ni kufunga mlango ili maji, sabuni na vijidudu visiingie mahali ukucha unapozaliwa. Ukiukata umefungua mlango. Wengi wa wanaopata mdudu wa kidole baada ya kutengenezwa kucha, tatizo si kule kung'arisha, ni huu wembe wa pembeni.

Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi. Ule wa mguu huenda polepole zaidi, karibu nusu ya mwendo huo. Maana yake ni hii: ukiuharibu ukucha wa mkono mwezi wa Januari, utangoja mpaka Julai hivi kuuona mzima tena. Wa kidole gumba cha mguu unaweza kuchukua mwaka na zaidi. Hakuna mafuta wala dawa ya dukani itakayourudisha ukucha uliokwisha kusuguliwa. Ni kungoja tu uote.

Sasa kwa nini ukisuguliwa unang'aa? Hapa mabwana wanaochonga watanisaidia. Yule anayetengeneza mapambo ya vifuu vya nazi kuwauzia wageni ufuoni, huanza na msasa mkali, halafu wa wastani, halafu laini, mwisho anapiga kwa kitambaa na mafuta. Kifuu hakikuongezewa kitu. Kimepunguzwa. Vijilima vimeondolewa, uso umekuwa sawasawa, mwanga ukipiga unarudi kama kwenye kioo. Ukucha ni vivyo hivyo. Kila unapong'arisha, unapunguza. Kifuu kina unene wa kutosha na hakina kazi nyingine tena. Ukucha una nusu milimita na kesho unaenda nao shamba.

Mti wa msasa wenyewe wazee mnaujua, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Zamani mafundi walisugulia mbao kwa majani hayo, na karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina la mti. Nasema haya kwa sababu tumezoea kusema msasa ni msasa. Sivyo. Karatasi ya fundi ina namba nyuma: namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali, ikiwa kubwa, ni laini. Namba 80 au 120 ni ya mbao, ya kung'oa rangi ya mlango. Haifai kabisa kugusa ukucha wa mtu.

Kuna mama mmoja katika vikundi vyetu, ameniruhusu niseme habari zake bila jina. Mumewe ni seremala. Aliona kucha za shangazi wa bibi arusi zinavyometa, akachukua kipande cha karatasi ya mumewe akaanza kusugua, kila Jumamosi, kama miezi miwili. Mwanzoni ziling'aa kweli, akasifiwa. Baadaye zikawa laini kama karatasi iliyolowa. Akishona makuti zinajikunja. Akikamua ndimu zinawaka moto. Mwisho ukucha mmoja ukaachana na nyama kwenye ncha, maji ya kufulia yakaingia, kidole kikavimba, cha pili kikafuata. Wiki tatu hakushona hata pindi moja la makuti. Pale zahanati walimtibu akapona vidole, lakini kucha alizingoja miezi mingi. Alichofanya ni kile kile wanachofanya wengi, kwa sababu hakuna aliyewaambia tofauti ya msasa wa mlango na msasa wa ukucha.

Kifaa chenyewe cha kucha ni hiki hapa. Ni kipande kama cha sponji ngumu, kina pande nne, na wasichana wa saluni wanakiita bafa. Upande mmoja unakwaruza, wa pili unakwaruza kidogo, wa tatu ni laini, wa nne ukigusa ni kama plastiki au ngozi, ndio wa kutoa mng'aro. Pitisheni, kila mtu aguse kwa kidole, asijisugue bado.

Basi tufanye. Kwanza nawa mikono kwa sabuni, kisha ikauke kabisa. Kukauka ni muhimu. Ukucha ulioloweshwa ni mlaini, ukiusugua ukiwa na maji unachanika kwa matabaka. Kukata ndiko kwafaa ukucha ukiwa umelowa, baada ya kuoga au kufua, kwa sababu hukatika bila kupasuka. Kusugua, mkavu.

Ukiwa na tupa ndogo ya kucha, sawazisha ncha kwa kwenda upande mmoja, kutoka pembeni kuja katikati. Usiende na kurudi kama unakata kuni kwa msumeno. Usichimbe pembe za ukucha, hasa mguuni, maana ndipo ukucha unapoota ukaingia kwenye nyama.

Halafu bafa. Ule upande unaokwaruza zaidi, mimi nawaambia mwusahau kabisa. Uliwekwa kwa ajili ya ncha na kwa kucha za bandia. Upande wa pili, wa kuondoa mistari, tumia tu kama ukucha wako una mistari inayokusumbua. Mara tatu au nne juu ya kila ukucha, kwa mkono mwepesi, basi. Na huo usirudiwe mpaka mwezi uishe. Mkumbuke ukucha umeota milimita 3 tu mwezi huo. Ukisugua kila wiki unarudia pale pale ulipokwisha kupunguza. Mistari ya kwenda urefu huongezeka mtu akipata umri, ni kama mvi. Usijaribu kuimaliza, utaumaliza ukucha.

Upande laini, piga mara tano au sita, ukiinua mkono kila mara. Upande wa mng'aro, mara kumi hivi, na ukucha utaanza kumeta. Pale shinani, kaa mbali kidogo na ngozi, maana ukucha hapo ni mchanga. Na sikilizeni kidole chenyewe. Ukihisi joto, acha papo hapo. Joto maana yake umekandamiza au umeenda mbio, na nyama ya chini inakuonya. Asiyeshikwa kidole ni yeye hajui kama kinachoma, kwa hiyo ninyi mnaofanyia wenzenu ulizeni, msingoje mtu apige kelele.

Mwisho, tone la mafuta ya nazi. Haya tunayopika wenyewe yatosha, hakuna haja ya chupa ndogo ya bei kubwa. Paka kwenye ukucha na kwenye ule ukingo wa ngozi, halafu chukua kitambaa cha pamba kilichochakaa, kama kipande cha leso kuukuu iliyofuliwa, upitishe taratibu. Hicho kitambaa na mafuta unaweza kukifanya kila wiki, hata kila siku, hakipunguzi kitu. Na ukikosa bafa kabisa, kitambaa peke yake kitakupa mng'aro wa kiasi, ila ni uvumilivu.

Nani asifanye? Mwenye kidonda au uvimbe pembeni mwa ukucha. Mwenye ukucha uliokwisha kuwa mwembamba au unaopasuka. Mwenye ukucha mnene, wa manjano, unaomong'onyoka, kwa sababu huenda ni ukungu na kusugua kutausambaza unga wake kwenye vidole vingine. Aliyetoka kubangua korosho akaunguzwa na mafuta ya ganda; yale mafuta meusi ni makali, ngozi iliyoungua iachwe ipone. Wenye ugonjwa wa sukari ninawasihi juu ya miguu: huenda mguu umepoteza hisia, ukakatwa usijue. Wao wasishikwe miguu kwa wembe na mtu yeyote wa mtaani.

Sasa tufike kwenye ule mkebe.

Bafa, kwa vile ni sponji, haisafishiki. Ukiiosha inaonekana safi, lakini ndani yake umebaki unga wa kucha, ngozi, pengine na damu usiyoiona. Haichemshwi, ikichemshwa inaharibika. Kwa hiyo sheria yake ni moja: kila mtu na yake. Mama na binti yake, kila mmoja na yake. Andika jina kwa kalamu ya wino, weka kwenye kimfuko chako. Wembe ni vivyo hivyo, mpya, wa mtu mmoja, ukishatumika utiwe kwenye mkebe wenye kifuniko halafu shimoni chooni, usitupwe jaani watoto wanapochezea.

Vya chuma, kama kikata kucha na mkasi, vinaweza kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, lakini si kwa kupanguswa na leso. Sugua kwanza kwa brashi na sabuni mpaka uchafu utoke. Kisha tia kwenye maji ya Jik. Tazama kwenye chupa: ile ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo sita vya maji. Glasi moja kwa glasi sita, au kijiko kimoja kwa sita. Viloweke dakika 10. Usiviache vilale humo, vitashika kutu. Suuza, futa vikauke, paka mafuta kidogo. Mchanganyiko ni wa siku hiyo hiyo, kesho umepungua nguvu. Na msichanganye Jik na dawa nyingine ya kusafishia, mvuke wake unadhuru kifua. Ukianza na Jik kabla ya sabuni umepoteza dawa bure, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu.

Na ile pini ya kutolea funza isiingie kabisa kwenye habari ya kucha za mikono. Nimeona pini moja imechomekwa ukutani, nyumba nzima wanatolea funza, na jioni msichana anaitumia kuchokoa uchafu chini ya kucha. Mwenye funza aende zahanati, kuna dawa za kupaka siku hizi, si lazima kuchimbuana.

Mtaniuliza, hofu hii yote ni ya nini? Wengi mkisikia damu na wembe mnafikiria Ukimwi mara moja, tangu ulipoanza kusikika hapa Kenya miaka ya 1980. Nataka niseme ukweli ulivyo. Virusi vya Ukimwi ni dhaifu vikiwa nje ya mwili, vikikauka havikai. Wembe wa damu mbichi ni hatari, ndiyo. Lakini kinachokaa kwenye vifaa ni kingine: virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Hivyo vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka siku 7 au zaidi, juu ya mkasi, juu ya bafa, na mtu aliye navyo anaweza kuwa mzima kabisa machoni, hana homa, hana manjano, hajui. Miaka ikipita vinaweza kuliharibu ini au kuleta kansa ya ini. Chanjo yake iliingizwa kwa watoto wachanga nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2001. Maana yake wengi wetu watu wazima tuliomo humu hatukuipata tukiwa watoto. Mtu mzima huchanjwa mara tatu, kwa muda wa miezi sita hivi. Ulizeni kwenye kituo chenu cha afya au hospitali ya Msambweni kama ipo na ni kwa masharti gani. Hasa ninyi wasichana mnaotaka kuifanya kazi hii kuwa riziki.

Nina neno hapa ambalo si la kucha tu. Katika kikundi kimoja, sitakitaja, kulikuwa na mama anayetumia dawa za virusi, na siku ya kutengenezana mikono wenzake walimrukia zamu. Hakuna aliyesema kitu. Mkebe ulimpita tu ukaenda kwa wa pili yake. Alikaa mpaka mwisho, akaaga, akakaa majuma mengi asije kikaoni, na akiba yake ikalala. Wale wenzake si watu wabaya, waliogopa. Lakini tazameni walivyokosea hesabu: walimwogopa yule mmoja waliyemjua, wakatumia bafa moja wao kwa wao, kumi na moja, bila kujua ni nani kati yao ana homa ya ini. Kila mtu akiwa na kimfuko chake, hakuna anayehitaji kuulizwa ana nini, na hakuna anayerukwa. Ndiyo maana ninapendekeza kikundi kitoe fedha kidogo za mfuko wa pamoja, kinunue bafa za wanachama wote kwa mara moja, badala ya kumwambia kila mtu ajinunulie, maana mwenye shida ataazima.

Kabla ya maswali, jambo moja la kutazama wakati mnang'arishana. Ukucha husema habari za mwili. Ukiona kucha zimebonyea katikati kama kijiko, na chini yake zimepauka, huyo pengine damu imepungua. Kama ni mjamzito asikawie kliniki. Msimsugue kucha mkamwacha hivyo. Na mistari myeusi ya kwenda urefu kwenye kucha kadhaa, sisi watu weusi tunayo sana, hasa tukipata umri, mara nyingi haina neno. Ila mstari mmoja mpya kwenye kidole kimoja, hasa gumba la mkono au la mguu, unaopanuka, au weusi umevuka ukaingia kwenye ngozi, huo usisuguliwe wala usifichwe kwa rangi. Uonyeshwe daktari. Vijana wa ufuoni wanampenda Bob Marley, fulana zake zimejaa huko Diani. Kansa iliyomwua mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, na mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la mpira.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: Hina ya arusi imebaki kwenye kucha, na kazini wanataka mikono isiyo na rangi. Je, nisugue mpaka itoke?

Hapana mwanangu. Hina imeingia ndani ya ukucha, si juu. Mpaka uimalize kwa msasa, ukucha nao umekwisha. Iache iote itoke, ukate kidogo kidogo. Waeleze wakubwa wako kazini, hina haibanduki kuingia kwenye chakula. Na kwa kuwa umetaja hina: ile ya majani, iliyotwangwa, sina ugomvi nayo. Ninaogopa piko, ile nyeusi inayochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi. Inaweza kuunguza ngozi ikatoa malengelenge, na mtu akishadhurika nayo mara moja, mwili hauisahau. Siku nyingine akitia dawa ya nywele uso unavimba. Wale mnaowachora watoto wa wageni ufuoni, msiwatie piko.

Swali: Ndimu na magadi yanafaa kuondoa manjano?

Ndimu kidogo inaweza kupunguza doa la bizari, na bizari hutoka yenyewe kwa siku chache. Lakini kila siku inakausha ukucha na kuchoma ngozi, hasa mkitoka juani. Magadi ni makali, yaacheni jikoni. Manjano yanayotokana na kupaka rangi mfululizo hutoka ukucha ukiota. Yasiyotoka, au ukucha ukiwa mnene, nendeni mkaonyeshe.

Mzee mmoja aliuliza: Sisi wanaume je, nasi tung'arishe?

(Kicheko.) Mzee, wewe kata tu na usugue uchafu kwa brashi, yatosha. Wenzetu Waislamu wanahimizwa zisipite siku arobaini bila kukata kucha. Mimi ningewaomba msifikishe hata nusu yake, maana mkono huo huo ndio unaokula ugali.

Swali: Binti yangu anataka kuanza kutengeneza watu kucha hapa nyumbani. Nimwambie nini?

Mwambie anunue bafa nyingi ndogo za bei nafuu, aiweke gharama yake ndani ya bei, na kila mteja aondoke na yake. Mteja akirudi aje nayo. Wengine watalalamika bei, halafu wataelewa. Mwambie asikate ngozi ya shina hata akiombwa. Awe na beseni la kunawia, sabuni, na chupa mbili zilizoandikwa, ya Jik na ya maji. Afanyie mahali penye upepo, kwa sababu ule unga wa kucha si wa kuvuta puani kutwa nzima. Na akijikata, yeye au mteja, aache kazi, maji yanayotiririka na sabuni, afunge kidonda, na kile kifaa kisiguse mtu mwingine siku hiyo.

Swali la mwisho: Tutajifunza kwa vitendo lini?

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, hapa hapa, saa nane mchana baada ya kazi za asubuhi. Katibu wa kila kikundi alete hesabu ya wanachama mapema ili bafa zinunuliwe kwa jumla. Kila mtu aje na kipande chake cha kitambaa cha pamba, safi, na mafuta ya nazi kidogo kwenye kichupa. Asije na wembe.